Rejista Nne, Wadai Wengi: Mwongozo wa Kutia Brekipointi za Maunzi Kwenye Kerneli

Kama unaandika kerneli yako mwenyewe, siku itafika utakutana na namba inayobadilika bila kubadilishwa na mtu. Uliiweka 7. Hakuna msimbo unaoruhusiwa kuigusa. Kila ukiichungulia ni 7, kisha mfumo unaanguka, na ukipekua kilichobaki unaikuta 4096. Hapo utafanya kama wafanyavyo wote: utamwaga printk kila kona. Na kasoro ikishanusa printk, inahama. Inahama kwa sababu ya kweli kabisa: kila unapochapisha unabadilisha muda, mpangilio wa steki na mahali data inapokaa, na kasoro za aina hii huishi kwa hayo matatu.

Acha printk ipumzike. Dawa imo ndani ya kichakataji tangu mwaka 1985, Intel ilipotoa 80386 ikiwa na rejista maalumu za kukamata mtu akigusa anwani uliyoitaja. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991 alikuwa na mashine ya 386, kwa hiyo rejista hizo alikuwa nazo tangu siku ya kwanza. Debaga ziliweza kuzifikia kupitia ptrace, lakini safu moja ya pamoja ya kuzisimamia ndani ya Linux iliingia katika toleo la 2.6.33, Februari 2010. K. Prasad aliibeba kazi hiyo juu ya msingi uliowekwa na Alan Stern, kisha Frederic Weisbecker akaiandika upya juu ya mfumo wa perf. Ikiwa Linux ilichukua muda wote huo, nawe usijiwekee wikendi moja. Kuziwasha rejista hizi ni kazi ya mchana mmoja. Kuamua ni za nani, zizimwe lini na nani anyimwe, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ninayotaka kukuelekeza.

Kwanza tuwatenganishe ndugu wawili wanaoshiriki jina. Brekipointi ya programu hufanya kazi kwa kuvunja nyumba ya watu: debaga inafuta baiti ya kwanza ya amri na kuandika 0xCC, yaani amri ya INT3, na kichakataji kikifika hapo kinazusha eksepsheni namba 3. Haina kikomo cha idadi na pengine kerneli yako inayo tayari. Ila inaandika juu ya msimbo, kwa hiyo haifai msimbo ukiwa kwenye ROM, na pale michakato miwili inapotumia ukurasa mmoja italazimu ukurasa huo unakiliwe kwanza. Kubwa zaidi, haiwezi kabisa kukuambia ni nani aliyeandika kwenye data. Debaga iliyokosa msaada wa maunzi kwa kawaida huiendesha programu amri moja moja, ikilinganisha thamani baada ya kila amri. Programu ya sekunde chache inageuka kazi ya kutwa, na kasoro inayotegemea muda haitatokea tena mpaka uondoke.

Brekipointi ya maunzi haigusi msimbo hata kidogo. Unakipa kichakataji anwani, urefu na aina ya tendo, kisha programu inakimbia kwa mwendo wake wa kawaida mpaka tendo hilo litokee. Ni sawa na kuweka mlinzi mlangoni badala ya kumfuata kila mpita njia. Kasoro ya namba 7 hapo juu inakamatwa mara ya kwanza tu inapotokea, pamoja na anwani ya amri iliyoiandika. Nani asiyetaka hilo?

Sasa zitazame rejista. DR0, DR1, DR2 na DR3 zinabeba anwani unazotaka kulinda. Ni nne tu, na hakuna mtu wa kumwomba ya tano. DR6 inaeleza kilichotokea, DR7 inatoa amri. DR4 na DR5 ziache zilale: biti ya DE katika CR4 ikiwa 0 zinakuwa majina mengine ya DR6 na DR7, na ikiwa 1 kuzigusa kunaleta eksepsheni ya amri batili.

DR7 inastahili karatasi na kalamu. Biti 0 hadi 7 ni swichi, mbili kwa kila anwani, moja ikiitwa L na nyingine G. L ilikusudiwa mchakato mmoja na G mfumo mzima, na wengi husoma hapo wakafunga kitabu wakiamini kichakataji kitaizima L chenyewe mchakato ukibadilika. Kitaizima, lakini kwa sharti kwamba unabadilisha michakato kwa utaratibu wa maunzi wa 386, ambao hali ya biti 64 haina kabisa na kerneli za leo hazitumii. Kuzima ni kazi yako. Biti 10 huwa 1 daima. Kuanzia biti 16 kila anwani inapata biti nne: mbili za aina na mbili za urefu. Aina 00 ni kutekeleza amri, 01 ni kuandika, 11 ni kusoma au kuandika, na 10 ni bandari za I/O, ambayo inahitaji ile biti ya DE. Urefu 00 ni baiti 1, 01 ni baiti 2, 11 ni baiti 4, na 10 ni baiti 8. Ndiyo, 10 ni kubwa kuliko 11. Baiti 4 ilishachukua 11 zama za biti 32, na biti 64 ilipokuja ikakaa kwenye nafasi iliyobaki. Usitumie hesabu kupata namba hizo, andika jedwali.

Kwa hiyo ukitaka kulinda uandishi wa baiti 4 kwa kutumia DR0, unaweka anwani ndani ya DR0 na kuandika 0xD0401 ndani ya DR7. Fuata mpangilio huo: zima swichi kwanza, andika anwani, DR7 iwe ya mwisho. Ukianza na DR7, kwa muda mfupi utakuwa unalinda anwani ya jirani aliyehama.

Mpaka hapo una brekipointi inayofanya kazi kwenye kichakataji kimoja, kwa mtu mmoja, mwenye nia njema. Wengi husimama hapa, wanapiga picha ya skrini na kuwaambia wenzao wamemaliza. Wewe endelea.

Anza na orodha ya kunyima, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa kuruhusu. Mtumiaji akikuomba aandike DR7 nzima, mnyime. Akupe anwani, urefu na aina, nawe ujenge DR7 mwenyewe. Ndani ya DR7 kuna biti 13, GD, inayozusha eksepsheni mtu akizigusa rejista hizi, kerneli ikiwemo. Na ukiandika 1 katika biti 32 za juu za DR7, kichakataji kinazusha eksepsheni ya ulinzi hapo hapo, yaani mtumiaji wa kawaida ameiangusha kerneli kwa namba moja. Linux ililazimika kuendelea kupokea DR7 kupitia ptrace kwa sababu GDB na wengine walishazoea, ila ndani inaifasiri kipande kwa kipande na kukataa yasiyofaa. Wewe huna deni hilo la zamani. Usijikopeshe.

Mnyime pia anayeomba anwani ya kerneli. Kwenye x86 rejista hizi haziangalii ngazi ya mamlaka: mtego uliotegwa na programu ya mtumiaji hunasa hata kerneli ikipita. Ukimruhusu mtu aweke mtego ndani ya rutini ya kerneli, umempa uwezo wa kujua kerneli inagusa nini na lini, na wa kuisimamisha pabaya. Mnyime anayeomba baiti 4 kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4. Kichakataji hakitalalamika: kitazipuuza biti za chini na kulinda mahali pengine, na mwenye kasoro atasubiri mtego usiohusiana na data yake. Rudisha EINVAL. Anayeomba mtego wa kutekeleza amri wenye urefu zaidi ya baiti 1, EINVAL. Bandari za I/O, EINVAL. Kerneli inayokataa waziwazi inamheshimu mtumiaji kuliko inayokubali kisha ikafanya kingine.

Linalofuata ni umiliki. Rejista hizi ni za kichakataji, si za mchakato, na kichakataji hakijui mchakato ni nini. Kila uzi uwe na nakala yake katika muundo wake ndani ya kerneli, na unapobadilisha nyuzi uamue kati ya mambo matatu. Anayeingia ana mitego: ipakie. Anayetoka alikuwa nayo na anayeingia hana: zima DR7. Wote hawana: usiguse chochote. Hilo la tatu ndilo linalotokea karibu kila mara, na ni muhimu, maana kuandika rejista ya DR hukilazimu kichakataji kikamilishe kila kilichokuwa kimeanza kabla ya kuendelea. Weka bendera moja kwenye uzi inayosema "huyu ana mitego", na uiangalie hiyo tu. La pili ndilo husahaulika. Likisahaulika, programu isiyo na hatia inapokea ishara ya SIGTRAP kwa mtego wa mtu mwingine, inakufa, na mwenye programu hiyo hatajua kamwe kwa nini.

Mchakato ukizaa mwingine kwa fork, mtoto asirithi mitego. Ukiita exec, ifute yote: anwani ileile katika programu mpya ni kitu kingine kabisa. Na ukitaka kulinda data ya kerneli yenyewe, mtego lazima uwekwe kwenye kila kichakataji, kwa kuvitumia ujumbe vyote, kwani mwandishi mharibifu anaweza kukimbia kwenye chochote kati ya hivyo. Kichakataji kinachoamka kutoka usingizini au kinachowashwa baadaye nacho kipewe. Mashine ya vichakataji 8 inayolinda kwa 7 imeacha mwanya ambao kasoro itaupata.

Kisha kuna wadai. Debaga ya mtumiaji inataka, perf inataka, debaga ya kerneli inataka, na nafasi ni nne. Weka daftari moja, sehemu moja, anayekuja apitie hapo, na nafasi zikiisha aambiwe ENOSPC kama Linux inavyofanya. Usimruhusu yeyote kuandika DR moja kwa moja "kwa dharura". Dharura hizo ndizo zinazozaa mitego yatima.

Sasa twende pale mtego unaponasa. Mitego hii huja kupitia eksepsheni namba 1, na mlango huo unatumiwa pia na uendeshaji wa amri moja moja, kwa hiyo rutini yako lazima iulize kilichotokea. DR6 ina majibu: biti 0 hadi 3 kwa mitego minne, biti 13 kwa aliyegusa rejista zikiwa zimefungwa na GD, biti 14 kwa hatua moja moja. Isome mara moja, hifadhi nakala, kisha irudishe kwenye thamani yake ya mwanzo, 0xFFFF0FF0. Kichakataji hakikusafishii. Usipoisafisha, mtego wa asubuhi utaripotiwa tena jioni ukiwa umechanganyika na mwingine. Na usiziamini biti nne za chini peke yake, maana zinaweza kuwaka hata kwa mtego usiowashwa kwenye DR7. Linganisha na nakala ya DR7, usiowashwa utupe.

Kuna tofauti moja ambayo kila mgeni huigonga kwa paji la uso. Mtego wa data hunasa baada ya amri kukamilika, na anwani unayoikuta ni ya amri inayofuata. Mtego wa kutekeleza hunasa kabla amri haijaendeshwa. Ukirudi kutoka kwenye rutini, amri ileile inasubiri, mtego uleule unasubiri, mnanaswa tena, na tena, mpaka mtu achomoe waya ukutani. Kinga yake ni biti 16 ya bendera, RF. Iwashe katika bendera zilizohifadhiwa kwenye steki kabla ya IRET, na kichakataji kitaipisha amri hiyo mara moja, kisha kuizima RF chenyewe. Usiwashe RF kwa mtego wa data, hauihitaji.

Mpelekee mwenye uzi SIGTRAP yenye alama ya TRAP_HWBKPT ili debaga ijue ni maunzi na si INT3. Mtego wa kuandika hunasa hata aliyeandika thamani ileile iliyokuwepo. Kuamua kama imebadilika ni kazi ya debaga, na GDB hufanya hivyo, basi kerneli yako isijifanye ina akili zaidi ya hapo. Mweleze pia mtumiaji, kwenye ukurasa wa maelezo, yale ambayo mtego hauoni: kifaa kinachoandika kwenye kumbukumbu kwa DMA, na mchakato mwingine unaoandika ukurasa huohuo kupitia anwani yake tofauti. Kinacholindwa ni anwani pepe. Ukinyamaza juu ya hilo, mtu atapoteza siku akiitilia shaka rutini yako iliyo sahihi.

Nimeiacha hatari kubwa ije sasa kwa sababu unahitaji yote yaliyotangulia ili uielewe. Amri za MOV SS na POP SS zina upendeleo wa zamani: kichakataji huahirisha mitego na ukatizaji mpaka amri inayofuata imalizike, ili programu ipate nafasi ya kupakia SS na kielekezi cha steki bila kuingiliwa. Sasa mtumiaji anaweka mtego wa data kwenye kumbukumbu ambayo MOV SS itaisoma, na amri inayofuata anaweka SYSCALL. Mtego unaahirishwa, SYSCALL inaingia kerneli, na mtego unanasa kwenye mlango wa kerneli kabla amri ya kwanza ya kerneli haijaendeshwa. Rutini yako inaitazama CS iliyohifadhiwa, inaona ya kerneli, inahitimisha kwamba GS nayo ni ya kerneli. Siyo. GS na kielekezi cha steki bado ni vya mtumiaji.

Mei 2018 Nick Peterson na Nemanja Mulasmajic walitangaza kasoro hiyo, ikapewa namba CVE-2018-8897, na ikagusa Windows, macOS, Linux, FreeBSD na Xen kwa mpigo. Kwenye baadhi ya mifumo ilimfungulia mtumiaji wa kawaida njia ya kupata mamlaka ya kerneli, kwingine iliangusha mashine. Timu hizo zote zilikuwa na wahandisi hodari. Walichokosa ni kuufuata mstari wa kitabu cha mtengenezaji mpaka mwisho wake, kuuliza: mtego ukiahirishwa, utaangukia wapi?

Basi eksepsheni namba 1 uipe steki yake yenyewe kupitia IST (jedwali la steki za ukatizaji), na rutini iikague hali ya GS yenyewe badala ya kuikisia kutoka kwenye CS. Jambo la kwanza rutini ifanye ni kuhifadhi DR7 na kuizima, na jambo la mwisho ni kuirudisha. IST huanzia mahali palepale kila mara, kwa hiyo mtego wa pili ukinasa ndani ya rutini utaandika juu ya mabaki ya wa kwanza na hutakuwa na pa kurudi. Kwa sababu hiyohiyo kataza mitego, hata ya kerneli yenyewe, kwenye msimbo wa kuingilia kerneli na kwenye data unaoigusa. Mwaka 2020 Linux iliweka katazo hilo kwa eneo lake la cpu_entry_area.

Ukihamia ARM ya biti 64, usibebe namba nne mkononi. Kwa kawaida idadi ni kati ya 2 na 16, mitego ya amri na ya data ikihesabiwa mbalimbali, na unaisoma kwenye ID_AA64DFR0_EL1 kisha unaongeza moja. Huko mtego wa data hunasa kabla tendo halijakamilika, kwa hiyo ni juu yako kuuzima, kuvuka amri moja, na kuuwasha tena. Upande wa neema, huko unaweza kuchagua ngazi ya mamlaka. Kiolesura chako kiulize mashine inaweza nini, kisiahidi.

Ndipo uandike majaribio. QEMU inaziiga rejista hizi na inafaa kuanzia, lakini malizia kwenye mashine halisi, ya Intel na ya AMD. Jaribu mtego kwenye bafa unayoipitisha kwa read(), ili unase kerneli ikiwa inanakili. Jaribu nyuzi mbili zinazopokezana kichakataji kimoja, moja ikiwa na mtego na nyingine haina, zikimbie usiku kucha. Jaribu fork, jaribu exec, jaribu kuomba nafasi ya tano, jaribu anwani isiyopangika, jaribu DR7 yenye biti za juu. Kisha andika programu fupi ya mtumiaji yenye MOV SS iliyotegwa na SYSCALL nyuma yake, uiendeshe bila mamlaka yoyote. Mashine ikibaki imesimama na programu ikapata SIGTRAP yake, wape watu kerneli yako. Ikianguka, usiwashe brekipointi hizi kwa mtumiaji yeyote mpaka uirekebishe.